Asbesto: Unyuzi mmoja unaoukwamisha mkataba wa dunia

Mwezi Mei 2025, mjini Geneva, wajumbe wa nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam waliagana kwa mara nyingine bila ya kuafikiana juu ya madini yanayoitwa krisotaili, yaani asbesto nyeupe. Habari hiyo haikupewa nafasi kubwa katika vyombo vya habari. Suala lenyewe ni la zamani. Lilifikishwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama mwaka 2006, na kila liliporudi limekwama mahali pale pale: nchi chache husema hapana, na kwa mujibu wa kanuni za mkataba huo, hapana ya nchi moja tu inatosha kuzizuia nyingine zote zaidi ya 160.

Yafaa ielezwe mapema kwamba kinachokataliwa si marufuku. Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa Septemba 1998 na kuanza kutumika Februari 2004, haupigi marufuku kitu chochote. Unachotaka ni kwamba nchi inayouza kemikali iliyomo katika orodha yake imwarifu mnunuzi kabla ya shehena kuondoka, na mnunuzi apewe nafasi ya kusema kama ataipokea au la. Ni sharti la muuzaji kueleza kilichomo ndani ya gunia. Nchi zinazoizuia krisotaili zinalikataa hata hilo.

Kuna kichekesho kingine. Madini yanayoitwa asbesto kibiashara ni ya aina sita. Tano kati yake, ikiwamo asbesto ya buluu na ya kahawia, zimo tayari katika orodha ya Rotterdam, na ziliingizwa bila ya ugomvi mkubwa kwa sababu biashara yake ilikuwa imekwisha kufa. Iliyobaki nje ni moja tu, krisotaili, nayo ndiyo takriban yote inayochimbwa na kusafirishwa duniani leo. Orodha inawaonya watu dhidi ya marehemu na kumwacha aliye hai.

Jiwe linalosokotwa

Ili kuelewa ubishi huu, lazima kwanza kuelewa jiwe lenyewe. Madini mengi yanapovunjwa hutoa vipande au chenga. Asbesto haivunjiki hivyo. Ukiichokonoa kwa ukucha hutoa nyuzi laini kama pamba, nyuzi zinazoweza kusokotwa na kufumwa, na ambazo haziungui motoni. Kila unyuzi ni fuwele, yaani umbo ambamo atomi zimejipanga kwa utaratibu usiobadilika, lakini fuwele iliyokua kwa urefu peke yake.

Aina tano zile zinatokana na ukoo wa amfiboli. Humo atomi za silika na oksijeni zimeungana katika minyororo miwili miwili inayokwenda sambamba, na mshikamano wa minyororo hiyo kwa urefu ni mkubwa kuliko mshikamano baina ya mnyororo na jirani yake. Jiwe likipigwa hupasuka kwa urefu, kisha hupasuka tena, hadi kufikia nyuzi zisizoonekana kwa macho.

Krisotaili imejengwa kwa njia nyingine, na mwanafizikia angesema ni ya kupendeza zaidi. Ni karatasi. Upande mmoja una tabaka la silika, upande wa pili tabaka la magnesi, na matabaka hayo mawili hayalingani upana. Tabaka la magnesi ni pana kidogo. Kwa kuwa yamegandamana na hakuna linaloweza kuteleza, karatasi nzima haina budi kujikunja, tabaka pana likiwa nje, kama mkeka unaojiviringisha juani. Kinachopatikana ni mrija wenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 30 hivi. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko mrija huo kwa maelfu ya mara.

Umbo hilo ndilo lililoifanya asbesto kuwa mali. Unyuzi mwembamba wa fuwele hauna nafasi ya kuwa na kasoro nyingi, kwa hiyo unastahimili kuvutwa kuliko chuma cha unene ule ule. Ukiuchanganya na saruji, asilimia 10 hadi 15 tu, unapata bati jepesi lisiloshika kutu, lisilowaka moto, na la bei ambayo serikali yoyote yenye shule za kuezeka inaimudu.

Umbo hilo hilo ndilo linaloua. Mtu anapovuta vumbi la kawaida, chembe zinazofika ndani kabisa ya pafu humezwa na seli za ulinzi na kuondolewa. Seli hizo ni ndogo mno. Zinapokutana na unyuzi mrefu kuzipita, huukumbatia nusu na kushindwa kuumaliza, kama chatu aliyekwamwa na pembe za swala. Hapo hufa na kumwaga sumu zilizokusudiwa kuuyeyusha unyuzi, seli nyingine huja kuchukua nafasi zao, nazo hufa. Mchokoo huo huendelea kwa miaka 20, 30, hata 50. Matokeo yake ni makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, hasa kwa mvutaji wa sigara, na mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu ambayo mara chache sana hupatikana kwa mtu asiyewahi kuvuta nyuzi za aina hii.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kutokana na asbesto waliyokumbana nayo kazini.

Ushahidi ulitoka Afrika

Aghalabu masuala ya aina hii husimuliwa kana kwamba maarifa yalianzia Ulaya na kuletwa Afrika. Kwa asbesto ilikuwa kinyume. Mwaka 1960 madaktari watatu waliokuwa wakifanya kazi Afrika Kusini, Wagner, Sleggs na Marchand, walichapisha maelezo ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, na karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya kaskazini-magharibi mwa jimbo la Cape. Lililowashtua wasomaji ni kwamba baadhi ya wagonjwa hao hawakuwahi kuwa wachimbaji. Walikuwa watu walioishi karibu na machimbo, na waliocheza utotoni juu ya malundo ya mabaki yake.

Katika maeneo hayo wanawake na watoto ndio waliokuwa wakiyaponda mawe kwa nyundo ili kuzitenga nyuzi, kazi ya malipo madogo ambayo wamiliki waliiona haina haja ya mashine. Ilichukua zaidi ya miaka 40 tangu andiko lile kabla ya malipo kupatikana. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, wakati huo ikiwa ni Baraza la Malodi, iliamua kwamba wagonjwa wa Afrika Kusini wanaweza kuishtaki kampuni ya Cape mjini London, kwa sababu nyumbani kwao wasingepata msaada wa kisheria wa kutosha. Walalamikaji walikuwa zaidi ya 7,000. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 7.5. Msomaji anaweza kugawanya mwenyewe aone kila mmoja alipata nini.

Uamuzi wa mwaka 2000 umeendelea kutajwa katika kesi nyingine za Waafrika dhidi ya makampuni mama ya Ulaya, na huenda hayo ndiyo mafanikio yake ya kudumu zaidi kuliko fedha zenyewe. Afrika Kusini ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

Hoja ya wauzaji

Wanaotetea krisotaili si wajinga, na hoja yao inastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Wanasema kwamba mrija wa krisotaili hauko sawa na minyororo ya amfiboli. Ndani ya seli za ulinzi mna tindikali, nayo hulila tabaka la magnesi, hivyo unyuzi huvunjika na kutoweka mapema. Hili lina ukweli ndani yake. Tafiti zinaonyesha kuwa unyuzi kwa unyuzi, asbesto ya buluu ni hatari zaidi kwa upande wa mesotelioma. Kutokana na hapo huhitimisha kwamba krisotaili inaweza kutumika kwa usalama iwapo kuna udhibiti.

Tatizo liko katika hatua ya pili. Kuwa na madhara pungufu kuliko kitu kibaya kupita vyote si sawa na kuwa salama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaziweka aina zote za asbesto, krisotaili ikiwamo, katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Na huo udhibiti unaozungumzwa ni wa kiwandani: mashine za kunyonya vumbi, vinyago, vipimo vya hewa. Bati likishatoka kiwandani huenda kwa fundi wa kijiji mwenye msumeno wa mkono, akalikata akiwa kifua wazi, na mwanafunzi wake chini akifagia vumbi. Hakuna kiwanda kinachoweza kumfuata hadi huko.

Kanada iliitetea hoja hiyo kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote tajiri. Ufaransa ilipopiga marufuku asbesto mwaka 1997, Kanada iliishtaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, na kushindwa katika rufaa mwaka 2001. Ilikuwa ikiiuza nje wakati mafundi wakiibandua kwenye majengo ya bunge lake. Mwaka 2011 ilisimama karibu peke yake kuizuia krisotaili huko Geneva. Mwaka huo huo machimbo yake yakasimama. Marufuku yake ilikuja mwaka 2018, na mwaka 2020 mji uliokuwa ukiitwa Asbestos, katika jimbo la Quebec, ukabadilishwa jina kuwa Val-des-Sources. Marekani nayo, ambayo marufuku yake ya mwaka 1989 ilitenguliwa kwa sehemu kubwa na mahakama mwaka 1991, ilitoa amri mpya dhidi ya krisotaili Machi 2024, na kuvipa baadhi ya viwanda vya klorini miaka kadhaa ya kujirekebisha.

Kwa hiyo waliobaki ni Urusi, mzalishaji mkubwa kuliko wote, pamoja na Kazakhstan na wengine wachache. Hawa ndio wanaofahamika kuizuia orodha katika mikutano ya karibuni. Na miongoni mwao imo Zimbabwe.

Msimamo wa Zimbabwe ndio unaowakera zaidi wanadiplomasia wa Afrika, ingawa si vigumu kuuelewa. Mji wa Zvishavane ulijengwa juu ya mgodi wa Shabanie. Tangu mgodi huo udorore katika muongo wa 2000, serikali ya Harare imekuwa ikiahidi kuufufua. Kuukubali waraka unaowataka wanunuzi waonywe ni sawa na kukiri kwamba ahadi hiyo haina soko. Wakati huo huo kundi la nchi za Afrika ndilo lililopendekeza mwaka 2017 kwamba pale maafikiano yanaposhindikana, orodha iamuliwe kwa kura ya robo tatu. Pendekezo hilo halikupita, na jaribio jingine la mwaka 2023 la kutafuta njia ya kuukwepa mkwamo halikupata kura za kutosha.

Jina na umbo

Upo udhaifu wa ndani zaidi ambao mijadala ya Geneva haiugusi. Sheria karibu zote zinataja madini sita kwa majina yake. Pafu halijui majina.

Katika vijiji vya Karain na Tuzköy, eneo la Kapadokia nchini Uturuki, watu walikufa kwa mesotelioma kwa kiwango kisicho na mfano, na hakukuwa na machimbo ya asbesto ya kulaumiwa. Waliishi katika nyumba zilizochongwa na kujengwa kwa mawe ya volkano yenye erionaiti, madini ya jamii nyingine kabisa ambayo nayo hukua katika umbo la nyuzi. Katika mji wa Libby, jimbo la Montana nchini Marekani, wachimbaji na jamaa zao waliugua kutokana na nyuzi zilizochanganyika na vermikulaiti. Wataalamu walipozichunguza, walikuta nyingi ni za amfiboli ambazo hazimo katika zile sita. Kisheria haikuwa asbesto. Mochari haikuona tofauti.

Swali hilo sasa limehamia kwenye vitu vilivyotengenezwa na binadamu. Tangu mwaka 1991, mwanasayansi wa Kijapani Sumio Iijima alipoieleza mirija ya kaboni, maabara za dunia zimekuwa zikiichanganya katika plastiki na metali kwa ajili ya vyombo vyepesi na imara. Nayo ni karatasi iliyojiviringisha kuwa mrija, kama krisotaili. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kuwa mirija mirefu ya kaboni ikiwekwa ndani ya panya huleta mchokoo unaofanana na wa asbesto, ilhali mifupi na iliyojisokota haikufanya hivyo. Mwaka 2014 IARC iliitaja aina mojawapo kuwa huenda ikasababisha saratani. Hapa angalau onyo lilitolewa kabla ya maelfu ya maiti.

Mapaa ya Afrika Mashariki

Huku kwetu asbesto haikuchimbwa kwa kiasi cha kuitia nchi yoyote katika kundi la wauzaji. Ilikuja kama bidhaa, na iliezekwa juu ya watu wa serikali: nyumba za watumishi, shule, hospitali, karakana na makazi ya reli. Nyingi bado zimesimama. Bati la saruji ya asbesto likiwa zima halina hatari kubwa, kwa kuwa nyuzi zimefungwa ndani ya saruji. Lakini mvua na kuvu huila saruji hiyo mwaka baada ya mwaka. Baada ya miaka 40 au 50 uso wake hulegea, na mapaa mengi ya eneo hili yameufikia umri huo au kuupita.

Kenya iliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari kwa kanuni za mwaka 2006, na mwaka 2011 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, ikatoa mwongozo wa namna ya kuiondoa. Rwanda ilianza kampeni ya kuyaondoa mapaa hayo mwaka 2011, na muda uliowekwa umesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Sababu si ukaidi. Mwongozo wowote wa maana unataka bati lilowanishwe, lisipigwe nyundo wala kukatwa kwa mashine, lifungwe kwa plastiki nene na lizikwe katika shimo lililotengwa. Mwenye nyumba anatakiwa kugharimia mafundi waliofunzwa, usafiri na shimo, kisha anunue paa jipya. Wengi hufanya linalowezekana, yaani bati huvunjwa usiku na kutupwa bondeni, au hugawiwa majirani wakajenge banda la kuku. Hapo ndipo unyuzi uliokuwa umefungwa unapoachiliwa.

Wagonjwa wako wapi, huuliza wenye shaka. Swali ni la haki. Mesotelioma huthibitishwa kwa kukata kipande cha utando na kukichunguza kwa darubini, huduma ambayo iko katika hospitali chache za rufaa. Mzee anayefika zahanati na maji kifuani, akikohoa na kukonda, atafikiriwa kwanza kuwa na kifua kikuu, na kwa hali ya nchi zetu si makosa kumfikiria hivyo. Uingereza, iliyopiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, huhesabu zaidi ya vifo 5,000 kwa mwaka vinavyotokana na maradhi ya asbesto. Waafrika Mashariki wanaofanya kazi za ujenzi na usafi katika majengo ya zamani ya huko wana sababu ya kuuliza daftari la asbesto la jengo kabla ya kutoboa ukuta, na sheria ya nchi hiyo inamtaka mwenye jengo awe na taarifa hizo.

Mkonge na saruji

Kibadala cha asbesto kimekuwapo kwa miongo kadhaa. Viwanda vya Ulaya huchanganya saruji na nyuzi za selulosi na za polima. Kwa Tanzania jambo hili lina uchungu wa pekee. Nchi hiyo ilipokea mkonge mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida na 62 tu ikafika hai. Miaka 70 baadaye ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kilichoiangusha bei ya katani, pamoja na mengine, kilikuwa ni unyuzi mwingine wa fuwele: polipropilini, plastiki ambayo ikinyooshwa kwa nguvu molekuli zake hulala sambamba na kuwa kamba imara na ya bei nafuu.

Unyuzi wa mkonge nao kwa ndani ni fuwele za selulosi zilizolala kwa urefu, zimegandishwa kwa gundi ya asili ya mmea. Mapaa ya saruji yenye katani yalijaribiwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. Yalikuwa imara mwanzoni, kisha yakawa mepesi kuvunjika, kwa sababu magadi ya saruji huila ile gundi na kuuacha unyuzi bila mshikamano. Dawa inajulikana: kupunguza ukali wa saruji kwa kuchanganya majivu ya volkano, ambayo yako tele mkoani Mbeya, au majivu ya pumba za mpunga. Vumbi la katani lina maradhi yake ya kifua, wafanyakazi wa mashamba wanayajua, lakini unyuzi wake ni mnene na haupasuki kwa urefu hadi kufikia ukubwa wa kuingia kwenye kina cha pafu.

Kinachokosekana ni mnunuzi wa uhakika, na mnunuzi mkubwa wa mapaa katika nchi zote hizi ni serikali, ile ile iliyoezeka ya kwanza. Wanachama wa Mkataba wa Rotterdam hukutana kila baada ya miaka miwili, na hakuna dalili kwamba Moscow, Astana au Harare zimebadili msimamo.